Ripoti ya Nyumba Namba Kumi na Saba

Tuliingia saa mbili usiku, Julai, manyunyu,
Upper Hill, chini ya kreni yenye taa nyekundu
iliyokuwa ikiingoja nyumba kama mkulima angojavyo hindi likauke.
Kampuni ilitaka karatasi moja tu:
mapepo yamo, au hayamo.
Wabomoaji walikuwa wamegoma. Nyundo mbili zimepotea,
na kijana mmoja ameshikwa na homa isiyo na jina.

Nyamoita alibeba vipimajoto vitatu.
Musembi alibeba unga wa ngano
akaunyunyiza sakafuni kama anayetaka kusukuma chapati,
ili mwenye nyayo ajiandike mwenyewe.
Mimi nilibeba kinasa sauti, kile kile
nilichoondoka nacho redioni waliponifuta.

Nyumba yenyewe: mawe ya kuchonga, mabati yenye kutu,
meko ya kuni katika kila chumba,
maana hata mabwana wa reli walitetemeka huku.
Jikoni, ukutani, sanduku la kioo:
kengele sita, na chini ya kila kengele namba.
Cha nne kilikuwa chumba cha bwana.

Tukauliza kwa Kiingereza. Tulidhani ndicho chake.
Uko hapa? Jina lako nani? Unataka nini?
Nyamoita hata akasema tafadhali.
Saa tano. Saa sita. Unga umelala mweupe.
Kipimajoto kikashuka nyuzi mbili.
Musembi akasema ni dirisha, na kweli lilikuwa dirisha.

Ekidor, mlinzi, alisimama mlangoni na kikombe chake,
koti la mvua juu ya koti la sufu,
akatucheka bila kufungua mdomo.
"Mnamtafuta mwenye nyumba," akasema.
"Huyo alishaenda kwao, na meli.
Mbona hamumuulizi mwenye kazi?"

Nyanya yangu alinifunza: ukiitwa usiku
na sauti usiyoijua, usiitike.
Ngoja iite mara ya pili, ya tatu.
Aliye hai ana haja, atarudia.
Asiye hai anataka naam yako tu, aondoke nayo.

Nikavaa visikizio, nikarudisha kanda nyuma.
Mvua. Kikohozi cha Musembi. Kreni ikilia kwa upepo.
Halafu, saa saba na dakika tisa, karibu mno na kipaza,
sauti ya mtu mzima anayetoka usingizini,
anayetafuta viatu gizani kwa vidole vya miguu:

Naam, bwana. Naja.

Nilirudia mara kumi na moja.
Hakuna kengele kabla yake. Niliitafuta
sekunde kwa sekunde. Tukapanda darini na tochi:
waya haupo. Wezi wa shaba waliubeba wote
zamani, wakaacha misumari na kinyesi cha popo.

Nyundo tulizikuta kabatini,
zimepanguswa, zimelazwa sambamba,
mipini upande wa kushoto.

Nyuma ya nyumba kuna chumba cha mtumishi,
hatua tatu kwa nne, dirisha la upana wa kiganja.
Humo hamna meko.
Nilisimama kizingitini, nikasema kwa Kiswahili,
"Lala, mzee. Hakuna aliyekuita."
Nikajiona mjinga. Nyamoita hakucheka.

Kwarara wakapita wakipayuka, kukapambazuka.
Tukaenda kutazama unga.
Hapakuwa na unyayo hata mmoja.
Hapakuwa na unga. Sakafu imefagiwa hadi pembeni,
na unga wote uko kwenye bakuli,
umefunikwa kwa sahani, panya wasiufikie.

Kwenye karatasi ya kampuni, penye yamo au hayamo,
nikaandika: Yumo. Kazini.
Ekidor, anayetoka zamu saa kumi na mbili,
akasoma juu ya bega langu,
akauliza, wa kumpokea ni nani.